Gari la Mabiharusi la Mwanamwema

Ukitaka kumpata Mwanamwema Mcha pale Mwanakwerekwe, usimuulizie kwa jina la mumewe. Uliza tu, "Anakaa wapi yule mama anayechukua mabiharusi?" Utaoneshwa mpaka mlangoni. Utamkuta barazani kampakata mwanawe Kulthum, na pembeni limeegeshwa gari jeupe, kuukuu lakini safi, limefunikwa shuka la maua ili kunguru wasilichafue.

Kwao ni Kiwengwa. Mama yake ni mkulima wa mwani, na yeye mwenyewe kasoma mpaka darasa la saba, basi. Gari alifundishwa na kaka yake Wakil, aliyekuwa akiwaendesha wageni wa mahoteli. Alimfundisha katika uwanja wa mpira, si kwa mapenzi makubwa, ila alichoka kuulizwa. Kila akipanda, dada yake yuko ubavuni: hii ya nini, ile ya nini, mbona sasa umekanyaga hapa na mwanzo ulikanyaga pale? Mwisho akamwambia, "Haya, shuka uje ukae upande huu mwenyewe, nipate kupumua." Wakil alipohamia Pemba alimwachia lile gari. Mjaka, mume wa Mwanamwema, fundi seremala asiye na maneno mengi, akasema, "Mimi hata baiskeli nnaanguka nayo. Liendeshe wewe."

Na akaliendesha. Mwanzo alipeleka watu hospitali na sokoni, mpaka siku moja binti wa jirani akawa anapelekwa kwa mumewe na dereva hakutokea. Mwanamwema akaombwa aokoe shughuli. Siku ile ndipo mama wa mtaa walipogundua kitu ambacho walikuwa wamekivumilia miaka yote bila ya kukisema.

Biharusi wa hapa anapambwa tangu mchana. Hina, piko, wanja, gauni zito, asumini kichwani mpaka mabegani, na mwili mzima unanukia udi. Akishapambwa hivyo, haifai aonwe na mwanamume yeyote kabla ya mumewe. Sasa dereva akiwa mwanamume, maskini biharusi anafunikwa gubigubi, kanga juu ya shela, na mle ndani anatoka jasho mpaka wanja unamshuka mashavuni. Anafika kwa mumewe kama katoka kuchota maji kisimani. Lakini kwa Mwanamwema, vioo vina pazia, mlango ukifungwa biharusi anafunua uso, kiyoyozi kinampuliza taratibu, somo yake, yule mama aliyemfunda, anamweka sawa ushungi, na akitaka kulia analia, akitaka kucheka anacheka. Yanayosemwa mle hayatoki. Hata kile kioo cha juu cha kutazamia nyuma, Mwanamwema hakielekezi kwa biharusi mpaka amuulize kwanza, "Mwanangu, nikuone au nisikuone?"

Mabiharusi wakalipa gari jina: Chumba. "Nimepanda Chumba cha Da Mwanamwema," wanaambiana. Na yeye akajifunza ufundi wa kazi ile, ambao si kwenda mbio, ni kwenda polepole. Beni inatangulia na tarumbeta zake na ngoma, wanawake wanafuata wanacheza, na gari la biharusi linakuja nyuma yao kwa mwendo wa mtu anayetembea na mzigo kichwani. Likizidi, litawagonga wachezaji. Likisita, litamrusha biharusi mbele na maua yake. Mwanamwema alijua kulibembeleza gari lile kama anavyombembeleza Kulthum, na akishuka mwisho wa shughuli, mgongo unamuuma lakini kichwa kiko juu.

Basi ndiyo maana kilichotokea Kiembe Samaki kilimwingia sana.

Siku ile alikuwa kamchukua biharusi aitwaye Tahiya. Ilikuwa baada ya alasiri, jua bado kali. Beni ilikuwa imenoga, watu wamejaa njia nzima, na gari linajikokota. Kwanza kiyoyozi kikaanza kutoa upepo wa vuguvugu. Halafu ule mshale wa joto kwenye dashibodi, ambao siku zote hulala katikati, ukaanza kupanda. Mwanamwema akauona. Akasema moyoni, utashuka. Haukushuka. Wakafika mbele ya duka la vyombo, moshi mweupe ukafumka kutoka kwenye boneti, puuu, wachezaji wakakimbia huku wakipiga kelele na tarumbeta likakatika katikati ya wimbo. Gari limechemsha.

Tahiya ikabidi ashuke. Wanawake walimzungushia kanga pande zote kama ukuta, wakamtembeza mpaka kwa mumewe kwa miguu, gauni linaburura mchangani. Na watu wa mjini ulimi wao unajulikana. Mmoja akasema, "Leo biharusi nusura atolewe mkavu kama mkate wa mofa!" Mwengine akamwambia Mwanamwema mbele ya macho yake, "Shoga, ungetuambia kama unachemsha na chai tungekuja na vikombe." Mwanamwema alicheka nao, maana ufanyeje, lakini alipofika nyumbani hata kuliosha gari hakuweza. Alilivika shuka lake akaingia ndani.

Asubuhi yake alilipeleka kwa Msabah. Msabah ni fundi mwenye gereji ya mabati nyuma ya soko la Mwanakwerekwe, mtu mwema, mcheshi, na mikono yake haijawahi kumwibia mteja. Ndiye aliyemtengenezea gari tangu lilipokuwa la Wakil. Siku chache kabla ya shughuli ile ndiye aliyembadilishia mota ya feni, ile inayopoza rejeta, kwa sababu ya zamani ililiwa na chumvi ya Kiwengwa mpaka ikaganda.

Msabah akafungua boneti. Akatazama maji ya rejeta, akabadilisha mfuniko wake, akatoa themostati akaichemsha katika kopo kuona kama inafunguka, ikafunguka. Akaosha rejeta mpaka maji yakatoka meupe. Akawasha gari likaunguruma, na feni ikaanza kuzunguka kwa kishindo.

"Na feni, Msabah?" akauliza Mwanamwema.

"Feni si hiyo inazunguka? Unataka ifanye nini zaidi, icheze taarabu?"

"Nnauliza tu."

"Feni haina neno. Lipeleke safari ndefu ulijaribu."

Akalipeleka Kiwengwa kumwona mama yake, akarudi. Njia nzima mshale umelala katikati, kiyoyozi baridi tupu. Akamshukuru Mungu. Lakini aliporudi karibu na soko la Mwanakwerekwe akakuta foleni, magari yamesimama. Hakupita muda, ule upepo wa baridi ukawa vuguvugu, na mshale ukaanza kunyanyuka. Foleni ilipofunguka na gari likapata mwendo, mshale ukarudi chini wenyewe, kama hakuna kilichotokea. Akarudi kwa Msabah akamwambia.

"Likienda zima. Likisimama, homa."

Msabah akajikuna ndevu. "Likienda linapata upepo wa njia. Likisimama linategemea feni. Na feni," akaiashiria kwa bisibisi, "umeiona kwa macho yako. Labda pampu ya maji, Mwanamwema. Niachie niifikirie."

Mambo yakiwa hapo ndipo Bi Sichana alipokuja. Bi Sichana ni mama wa Malindi, mtu mzima, sauti yake husikika mtaa wa pili akizungumza wa kwanza. Mwanawe Ilham alikuwa aolewe Jumapili ile, na Mwanamwema alishaombwa zamani kumchukua. Alikuja sokoni kununua viungo, akapitia.

"Shikamoo, Bi Sichana."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtoto kakua! Mashaallah." Akambana Kulthum shavu, halafu akakaa. "Mwanamwema, sikuja kukugombeza. Lakini nimeletewa video ya Kiembe Samaki."

"Nani hajaletewa, Bi Sichana?"

"Basi unajua. Kuna kijana Haitham, ana gari jipya, kanambia atamchukua Ilham bila ya wasiwasi."

"Haitham si mwanamume?"

"Nimemwambia tutamtilia pazia baina yake na nyuma."

"Na ataendeshaje hata asitazame nyuma?"

"Atajua mwenyewe!" Bi Sichana akapunguza sauti. "Ilham analia. Anakutaka wewe. Lakini mimi ndiye mama. Sitaki mwanangu atembezwe barabarani kwa kanga kama mwizi wa kuku aliyekamatwa. Nipe jawabu mpaka Ijumaa. Limepona, ama halijapona. Likiwa halijapona, nambie kweli, na mimi nitakupenda vile vile."

Alipoondoka, Mwanamwema alibaki amekaa. Alijua vizuri lililo mbele yake. Bi Sichana akichukua gari jengine, habari itafika kila nyumba yenye binti, na hakuna atakayemfukuza kazini wala kumtukana. Simu itaacha kulia tu. Na mabiharusi watarudi kufunikwa gubigubi, kimya kimya, kama zamani, na ile kazi aliyoijenga kwa mguu wake wa kulia itasahaulika.

Ile video yeye mwenyewe alikuwa hajaitazama. Kila ilipoletwa aliiruka. Adhuhuri ile, Kulthum alikuwa ananyonya, yuko nusu macho nusu usingizi, na wifi yake Nusrat amekaa mkekani anachambua mchele.

"Nusrat, hebu niwekee ile video."

"Ya kazi gani, wifi? Ya kujitia uchungu?"

"Niwekee. Zima sauti, mtoto asiamke."

Nusrat akamshikia simu. Mwanamwema akatazama. Akaona beni, akaona wanawake wamelielekea gari wanacheza mbele yake, akaona gari lake limesimama, zuri, limefungwa tepe nyeupe kwenye wavu wa mbele, vishada vishada, kama walivyozoea kulipamba. Bado halijafuka moshi.

"Rejesha nyuma."

Nusrat akarejesha.

"Tena."

"Wifi, mara ya tatu hii. Unatafuta nini?"

"Tazama mabuibui ya wale wanaocheza. Upepo unatoka wapi?"

Nusrat akasogeza jicho. "Unatoka mbele. Unawapiga mgongoni, unakuja kwenye gari. Mabuibui yote yanapepea huku."

"Na zile tepe?"

Nusrat akaisogeza simu karibu. Tepe za gari zilikuwa zinapepea upande wa pili. Zilikuwa zimenyanyuka, zimenyooka mbele, zinaelekea kwa wapiga tarumbeta, zinatikisika kama zinafukuzwa kutoka ndani. Upepo wote unakuja kwenye gari, na tepe zinatoka kwenye gari.

"Kuna mtu anazipuliza," alisema Nusrat, kisha akajicheka mwenyewe.

Mwanamwema hakucheka. Amekulia penye mama anayepepea jiko la makaa kwa kipepeo, na anajua kwamba kupepea si kutikisa mkono tu, ni kuupeleka upepo unakotakiwa. Feni ile kazi yake ni kuuvuta upepo wa nje uingie, upite kwenye rejeta, uende ndani kwenye injini. Sasa ilikuwa inauchukua moto wa injini na kuusukuma nje kupitia rejeta. Gari likienda kasi, upepo wa njia unaishinda nguvu. Likienda mwendo wa beni, feni inashinda, na rejeta inapulizwa kwa joto lake lenyewe. Feni inazunguka, kweli. Inazunguka kinyume.

Alimlaza Kulthum kwa wifi yake, akavaa baibui, akatia kanga moja mkobani, akaondoka.

Msabah alikuwa chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Msabah."

"Naam," ikajibu miguu.

"Toka nikuoneshe kitu. Washa gari langu, na kiyoyozi, feni izunguke."

Akatoka anajifuta grisi, akaliwasha. Feni ikavuma. Mwanamwema akatoa kanga yake, akaishika kwa ncha mbili, akaisogeza mbele ya wavu wa gari. "Wewe niambie," akasema, "ikiwa nzima, kanga hii ifanye nini?"

"Ivutwe. Igande kwenye wavu."

Mwanamwema akaisogeza zaidi. Kanga ikavimba kama tanga, ikamrudia, ikamfunika uso mzima. Akabaki amesimama na kanga usoni, na sauti yake ikatoka ndani, "Imeganda?"

Mafundi wawili waliokuwa karibu wakaanza kucheka. Msabah hakucheka. Akaenda mbele, akatia kiganja chake, akausikia moto unatoka. Akakiondoa. Akakirejesha. Akasema, "Lahaula."

Akazima gari, akachomoa zile waya mbili za mota, akazigusisha moja kwa moja kwenye betri kama zilivyokuwa zimefungwa. Feni ikazunguka, na gazeti aliloliweka mbele ya wavu likaanguka chini. Akazigeuza, ya huku akaipeleka kule na ya kule huku. Feni ikazunguka vile vile, kwa kishindo kile kile, mtu asiyejua asingeona tofauti yoyote. Lakini gazeti lilirukia wavu likang'ang'ania pale, hata Msabah alipolivuta lilitoka kwa shida.

Akakaa kitako kwenye tairi. "Mwanamwema, hii kazi yangu. Ile mota nilitoa kwenye gari la aina nyengine, kichwa cha waya hakikuingia, nikakikata. Nikaunga rangi kwa rangi, buluu kwa buluu, nyeusi kwa nyeusi. Nikaona safi. Kumbe wale walioitengeneza mota ile wamezipanga rangi zao vyengine." Akatikisa kichwa. "Nilizitazama rangi, upepo sikuutazama."

"Hata mimi niliiona inazunguka nikaridhika."

"Usinihurumie, wewe. Biharusi wa watu kaburura gauni kwa ajili yangu." Halafu akashtuka, akasimama. "Yalabi! Kuna magari mawili mengine nimeyafunga hivi hivi!" Akamgeukia mmoja wa wale waliocheka. "We, acha kucheka, mpigie simu yule mwenye teksi ya bandarini, mwambie aje leo leo, asingoje lichemke!"

Akaziunga waya upya, akazifunga utepe vizuri, akaliacha gari linaunguruma juani, kiyoyozi kimewashwa, boneti limefungwa. Wakakaa wote wawili kwenye kigogo kutazama mshale kama watu wanaongoja mtoto azaliwe. Mshale ukafika katikati. Ukatulia. Feni ikivuma, ikinyamaza, ikivuma tena. Mshale haukwenda popote.

"Sasa nenda kwa mama wa biharusi," alisema Msabah, "na ukipenda mwambie ni mimi. Usiseme gari lilikuwa bovu. Sema fundi alikosea."

Ijumaa baada ya sala Mwanamwema alikwenda Malindi. Aliegesha mbele ya nyumba ya Bi Sichana, juani, pasipo na kivuli hata cha waya. Hakuzima gari. Aliliacha linaunguruma, akafunga milango, akaingia ndani, akatoa salamu.

Akakaribishwa kahawa na halua. Akaulizwa hali ya Kulthum, ya Mjaka, ya mama yake na mwani wake. Akajibu yote kwa utulivu, kikombe mkononi. Bi Sichana akawa anatega sikio kila mara.

"Mwanangu, gari lako linaunguruma huko nje. Umesahau kulizima?"

"Sikusahau, Bi Sichana."

"Mafuta yanakwenda."

"Na yaende."

Akatiwa kikombe cha pili. Ilham akachungulia mlangoni, kichwa kimefungwa taulo, mikono imepakwa hina mpaka viwiko, akatabasamu akajificha. Jirani mmoja akapiga kelele kutoka dirishani, "Nani kaacha gari linaungua huku?" Mwanamwema akaendelea na halua yake. Aliposhiba na mazungumzo yakaisha, akasimama akasema, "Bi Sichana, njoo ulitazame."

Wakatoka. Gari lilikuwa linaunguruma taratibu pale pale juani, halina moshi wala harufu. Mwanamwema akamfungulia mlango wa nyuma. Bi Sichana akaingia, akakaa, akafunga mlango. Mwanamwema akangoja nje. Bi Sichana hakutoka. Mwisho kioo kikashuka kidogo.

"Kumbe humu ndani kuna baridi namna hii?"

"Hivyo ndivyo mabiharusi wanavyokwenda, Bi Sichana."

"Mimi nilipelekwa na gari la ng'ombe, mwanangu, na jasho langu lote." Akakaa tena kidogo. Ndipo aliposhuka akaeleza uamuzi wake. "Utamchukua. Lakini Haitham atakuja nyuma na gari lake tupu. Ikitokea kitu, tunamhamisha Ilham pale pale. Usinune."

"Sinuni."

Alinuna. Alinuna njia nzima mpaka Mwanakwerekwe, na Jumapili alipokuwa analipitishia gari chetezo cha udi, ndani, chini ya viti, kila pembe, bado lilikuwa limemkaa kooni lile gari tupu. Lakini angefanyaje? Mama wa watu ana haki ya kuogopa.

Beni ilianza Malindi baada ya alasiri. Tarumbeta, ngoma, vigelegele, na wanawake wa sare ya zambarau wakijaza njia kutoka ukuta mpaka ukuta. Ilham alikuwa nyuma amefunua uso, somo yake Bi Mkubwa ubavuni. Mwanamwema akaingiza gia, akaanza kulibembeleza. Kwenye kioo cha pembeni alikuwa anaiona ile pua nyeusi inayong'ara ya gari la Haitham, inakuja nyuma yake, tupu.

Darajani palikuwa pamejaa. Watu wa sokoni wamesimama kutazama, na wapiga tarumbeta walipoona watu wamekuwa wengi wakanogewa, wakasimama kabisa, wakawa wanapiga pale pale na wanawake wanawatunza pesa. Gari likasimama. Mbele haliendi, nyuma halirudi.

"Da Mwanamwema," alisema Ilham, sauti ndogo, "halitochemka?"

"Tulia, mwanangu."

Macho yake yalikuwa kwenye mshale. Mshale ulipanda kidogo, na moyo wake ukapanda nao. Ikasikika feni inavuma mbele, vuuu, mshale ukateremka ukarudi katikati, ukakaa pale kama umeshonewa. Wimbo ukaisha, ukaanza mwengine. Mshale vile vile. Bi Mkubwa somo, aliyekuwa mtu wa Tumbatu asiyestaajabishwa na kitu, akapiga miayo akasema, "Baridi hii inaleta usingizi."

Kioo kikagongwa. Bi Sichana. Jasho linamtiririka, ushungi umekwenda upande, anahema. Mwanamwema akakishusha kidogo.

"Vipi?"

"Salama, Bi Sichana."

Bi Sichana hakutazama mshale, maana asingejua upi. Alimtazama mwanawe. Uso wa Ilham ulikuwa mkavu, wanja umekaa pale pale ulipochorwa, asumini zimesimama kama zimechumwa sasa hivi. Mama mtu akamtazama mpaka macho yakamlenga machozi. Halafu akakiinua kichwa, akageuka, akalifuata lile gari la nyuma.

Mwanamwema akamwona kwenye kioo cha pembeni. Alifungua milango ya gari la Haitham yote, akaita kwa ile sauti yake ya mtaa wa pili, "Nyie mlochoka miguu, njooni mpande! Bibi Fatuma, shangazi, wewe na goti lako! Gari hili halina kazi!" Bibi vizee wanne wakajipakia, na wa tano akamkalia Haitham karibu na mapaja, na Haitham anasema, "Taratibu, bibi, taratibu, viti vipya hivyo!"

Ndipo Mwanamwema alipocheka, kwa mara ya kwanza tangu Kiembe Samaki, kicheko cha kweli.

Wakafika Mnazi Mmoja. Kwa bwana harusi ni pale Vuga, karibu tu, na watu wake walishatoka nje kupokea. Lakini Bi Sichana alikimbilia mbele ya beni akanyoosha mikono yote miwili.

"Geuzeni! Turudi Darajani, tuzunguke tena!"

Mpiga tarumbeta akalitoa mdomoni. "Bi Sichana, wenyewe wale wanangoja."

"Wangoje! Mwanangu haolewi kila siku, na gari la kumchukua lipo!"

Beni ikageuka. Vigelegele vikapasuka upya. Ndani ya gari Ilham akaona wanawake wote wanarudi walikotoka, akauliza, "Da Mwanamwema, tunakwenda wapi tena?"

"Mamako anataka watu wakuone."

"Lakini mimi sionekani, pazia zimefungwa!"

"Basi wataliona gari," alisema Mwanamwema, akakata kona taratibu, mgongo umenyooka, kidevu juu.